Taa za Mji Zaita Watu: Zawaita Wapi?



Kila mwaka unapoingia mwezi wa Novemba, katika miji midogo ya Uingereza hutangazwa safari ya siku moja ya kwenda London kuangalia taa. Mtu hulipa nauli yake, na siku ikifika hupanda basi asubuhi pamoja na majirani. Mbele huketi kiongozi mwenye kipaza sauti, akiwaeleza abiria huu ni mtaa gani na lile ni jengo la nani. Katikati ya Disemba jua la London huchwa kabla ya saa kumi, wakati ambao sisi huku pwani ndiyo kwanza tunatoka kusali Alasiri. Giza likiingia, mitaa mizima huwaka kwa taa zilizotandazwa juu ya vichwa vya watu. Wageni huzunguka, huingia madukani, na usiku hurejeshwa makwao.

Huenda ukauliza, jambo hili latuhusu nini sisi? Latuhusu, kwa sababu watoto wetu wako huko. Nyumba nyingi za Mombasa, Unguja na Lamu zina mtoto, au ndugu, au mjomba anayeishi London, Leicester au Birmingham. Mtoto wa skuli huja nyumbani na karatasi ya mwalimu akasema, "Mama, darasa letu lakwenda kuangalia taa. Na mimi niende?" Mzazi mmoja hujibu pale pale kuwa hayo ni ya makafiri, asiyataje tena. Mwengine hutoa pesa bila ya kutazama hata karatasi yenyewe. Majibu yote mawili ni mepesi, na yote mawili hayamfundishi mtoto kitu.

Hukumu ya sharia tuwaachie maulamaa, ndio wenye kazi yake. Sisi hapa twataka kuitazama tarikhi tu. Kila taa ina mwenyewe aliyeiwasha, na ina haja aliyoiwashia. Ukiijua haja hiyo utajua taa yakuita wapi, na ukijua wapi yakuita, utaweza kumjibu mtoto wako kwa akili.

Safari iliyoanza kwa kupiga vita ulevi

Tuanze na safari yenyewe. Hii desturi ya kukusanya watu wengi, kuwakatia tikiti ya pamoja kwa bei nafuu, kuwapeleka mahali na kuwarejesha siku ile ile, ilipata umaarufu kwa kazi ya Mwingereza mmoja aliyeitwa Thomas Cook, aliyezaliwa mwaka 1808. Hakuwa tajiri wala mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa seremala wa samani na mhubiri wa Kikristo wa madhehebu ya Baptist, na jambo lililokuwa likimuudhi mno ni ulevi. Wakati ule viwanda vilikuwa vimejaa Uingereza. Wafanyakazi walipopata mishahara yao, wengi waliipeleka moja kwa moja kilabuni, wake zao na watoto wakalala na njaa.

Cook akafikiri. Mtu humwambii "usiende kule" ukamwacha bila ya pa kwenda. Reli ilikuwa ni kitu kipya katika zama hizo. Basi akaafikiana na wenye treni, na tarehe 5 Julai 1841 akawachukua watu kiasi cha 500 kutoka mji wa Leicester mpaka Loughborough, mwendo wa maili 11 hivi, kwa shilingi moja mtu mmoja, kwenda na kurudi. Huko walisikiliza hotuba za kupinga pombe, wakapigiwa bendi, wakacheza na wakanywa chai. Jioni wakarudi kwao wakiwa wazima na akili zao.

Zingatia jambo hili, ewe msomaji. Safari ya kuongozwa, ambayo leo twaiona kuwa ni anasa tupu, ilianza kwa mtu aliyetaka kuwaondoa wenziwe katika maangamizi. Na ilianza katika mji wa Leicester, ambao baada ya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, ulipokea maelfu ya watu waliotoka Afrika ya Mashariki. Hata leo Kiswahili husikika katika mitaa ya mji huo.

Lakini kila jambo hukua, na likikua hubadilika. Mwaka 1845 Cook alifanya safari ya kwenda Liverpool, na safari hii ilikuwa ya biashara. Mwaka 1851, yalipofanywa maonyesho makubwa ya dunia London katika bustani ya Hyde Park, aliwapeleka watu zaidi ya 150,000. Kisha akavuka bahari mpaka Ulaya, Misri na Palestina. Yeye na mwanawe, John Mason Cook, wakawa na kampuni iliyojulikana dunia nzima.

Na kampuni hii iliwagusa Waislamu pia. Katika mwaka 1886 serikali ya Kiingereza ya Bara Hindi iliwakabidhi akina Cook kazi ya kuwasafirisha mahujaji kutoka Bombay. Mahujaji wa Kihindi walikuwa wakiteseka sana. Merikebu zilijazwa watu kupita kiasi, tikiti ziliuzwa na madalali wadanganyifu, na masikini wengi walikwama Jeddah bila ya nauli ya kurudia. Akina Cook wakatengeneza baadhi ya mambo, lakini kazi haikuwaletea faida waliyoitaka, na kabla ya kwisha miaka kumi wakaiacha. Hapa pana funzo. Mwenye kusafirisha watu kwa faida huwa nao maadamu faida ipo. Kampuni yenyewe, baada ya kuishi zaidi ya miaka 170, ilifilisika mwezi wa Septemba 2019, na maelfu ya wasafiri wakakutwa wako nchi za watu wakingoja kurudishwa kwao.

Jua la kutengeneza

Sasa tuje kwenye taa. Katika kaskazini ya Uingereza kuna mji wa pwani uitwao Blackpool, ambao wafanyakazi wa viwandani walizoea kwenda kupumzika wakati wa joto. Mwezi wa Septemba mwaka 1879 wakuu wa mji huo waliweka kando ya bahari taa 8 za umeme. Hazikuwa balbu kama hizi tunazozijua. Ndani yake mlikuwa na vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana, umeme ukiruka baina yao kwa mwanga mkali mno, na umeme wenyewe ukitolewa na mashine zilizozungushwa kwa mvuke. Watu wakaziita jua la kutengeneza. Yasemekana usiku wa kwanza walifika watazamaji kiasi cha 70,000, wengi wao wakiletwa na treni za safari kama zile za Cook.

Mwaka 1912, binti mfalme Louise alipokwenda kufungua barabara mpya ya ufukweni, mji ulipambwa kwa balbu kiasi cha 10,000. Mgeni akaondoka, lakini wenye mahoteli na maduka wakaomba taa ziwashwe tena mwezi wa Septemba. Kwa nini Septemba? Kwa sababu joto huwa limekwisha, baridi inaingia, na wageni wanaondoka. Ilitakikana sababu ya kuwarudisha. Taa zikawa ndiyo sababu, na ujanja ukafaulu. Vita vya mwaka 1914 vikazizima, zikarudi mwaka 1925. Vita vya mwaka 1939 vikazizima tena, na hata vilipokwisha haikuwezekana kuziwasha mara moja kwa uhaba wa nishati, mpaka mwaka 1949. Mpaka hivi leo zinawashwa kila mwaka, zimetandaa kando ya bahari kwa mwendo wa maili 6 hivi, na mabasi hujaa watu waendao kuziangalia.

Yaonekana wazi, basi, kuwa taa za Blackpool hazina uhusiano na dini yoyote. Ni taa za biashara, na wenyewe hawalifichi hilo.

Na zile za London? Mtu atasema, "Hizo ni za Krismasi, ni za dini." Ngoja kidogo. Mtaa wa Regent Street uliwashwa taa mara ya kwanza mwaka 1954. Huo ndio mwaka ambao Waingereza walimaliza kugawiwa chakula kwa kipimo, jambo lililokuwapo tangu wakati wa vita. Watu walikuwa wamechoka na dhiki, na mji ulikuwa umepauka. Waliowasha taa hizo si mapadri, bali ni chama cha wenye maduka wa mtaa ule. Mtaa wa pili, Oxford Street, ukafuata mwaka 1959. Uchumi ulipoharibika, mtaa huo ukakaa miaka bila ya taa, mpaka zilipowashwa tena mwaka 1978. Na mwaka 2022 umeme ulipopanda bei, taa za Oxford Street zikapunguziwa saa, zikawa zawashwa saa tisa mchana na kuzimwa saa tano usiku. Lau kama zingekuwa ni ibada, zisingelipanda na kushuka pamoja na hesabu za duka.

Sisemi kwamba sikukuu yenyewe si ya dini. Ni ya dini ya Wakristo, nasi twawaheshimu majirani zetu na itikadi yao. Nasema hivi: hata miongoni mwa Wakristo kuna wengi wanaolalamika kuwa siku yao imemezwa na masoko. Taa za mitaa ile ya London zamwita mtu dukani. Na mwenye kwenda huko bila ya kujua hurudi na furushi la vitu asivyovihitaji na deni la kulipa mpaka mwezi wa tatu.

Taa zilizowashwa kwa haja nyengine

Sisi Waislamu si watu wa giza hata tukashangazwa na taa za watu. Imepokewa kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba mtu wa kwanza kutia taa misikitini alikuwa Tamim ad-Dari, sahaba aliyetoka pande za Sham. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipowakusanya watu wasali tarawehe nyuma ya imamu mmoja, Ubayy bin Kaab, misikiti ikawa na mwanga usiku wa Ramadhani. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Ali (R.A.) alipoiona misikiti imenawiri hivyo alimwombea Umar kaburi lake litiwe nuru kama alivyoitia nuru misikiti. Taa ile ilikuwa na haja gani? Ilikuwa ni msomaji aione aya, na mzee asijikwae kizingitini.

Waturuki nao wana desturi iliyoanza tangu karne ya 17. Katika Istanbul, kwenye misikiti yenye minara miwili au zaidi, kama ule wa Sultan Ahmed wenye minara sita, hufungwa kamba kutoka mnara mpaka mnara. Juu ya kamba hizo zilitundikwa taa ndogo ndogo za mafuta, zikapangwa hata zikawa maandishi angani, za kuukaribisha mwezi wa Ramadhani au za kuwausia watu mema. Mambo hayo wao huyaita mahya, na siku hizi hufanywa kwa umeme. Wakati wa vita vya mwanzo wa karne ya 20, maandishi hayo ya taa yaliwakumbusha watu kuisaidia Hilali Nyekundu, iliyokuwa ikiwauguza majeruhi. Hebu fikiri! Taa ile ile, usiku ule ule, umati ule ule wa watazamaji, lakini yamwambia mtu "toa", haimwambii "nunua". Na Waturuki huziita siku zao tukufu, kama usiku wa Maulidi na wa Miraji, kwa jina la kandil, neno lile lile la Kiarabu ambalo sisi twalisema kandili.

Na tusisahau mfano wa kwetu. Katika mwaka 1875 Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alikwenda Uingereza kwa ziara. Alitembezwa London na miji mengine, akionyeshwa na wenyeji wake yale waliyotaka ayaone. Naye pia, kwa namna yake, alikuwa msafiri wa kuongozwa. Mwenye kuandika khabari za safari hiyo kwa Kiarabu alikuwa Zahir bin Said, katibu wake. Miaka iliyofuata Unguja iliona mambo mapya. Maji safi yaliletwa mjini kwa mifereji kutoka chemchem zilizo nje ya mji, na mwaka 1883 lilijengwa Beit al-Ajaib, jengo la kwanza la Unguja kutiwa umeme. Hatudai kuwa yote hayo aliyaokota London, maana alikuwa amekwisha kuishi Bombay na kuona mengi huko. Lakini tazama tofauti ya macho na macho. Kuna mwenye kwenda kuangalia akarudi na mshangao, na kuna mwenye kwenda kuangalia akarudi na maji ya kunywesha mji. Jengo lile la ajabu liliporomoka upande mmoja mwezi wa Disemba 2020. Mapambo ndivyo yalivyo, lakini sadaka ya maji hubakia kwa mwenyewe.

Mtoto aliyepelekwa kuangalia

Sasa sikiliza kisa cha karibu, kilichoandikwa katika magazeti. Mwezi wa Machi mwaka 2023, mtaa wa Coventry Street, katikati kabisa ya London, uliwashwa taa za Ramadhani kwa mara ya kwanza, zaidi ya 30,000, zenye sura za miezi na nyota, na meya wa mji, Sadiq Khan, ndiye aliyeziwasha. Mwaka 2024 mji wa Frankfurt, Ujerumani, nao ukafanya mfano wa hayo. Chanzo cha taa za London kilikuwa ni mwanamke mmoja Mwislamu wa mji huo huo, ambaye alieleza kuwa utotoni yeye na dada yake walikuwa wakipelekwa na jamaa zao katikati ya mji kuangalia taa za Krismasi. Furaha ile akataka kuileta katika mwezi wake mwenyewe.

Yule baba na yule mama walipowapakia watoto garini hawakujua wanapanda mbegu gani. Mtoto wao hakupotea kwa kuziona taa za watu. Aliziona, akaijua dini yake ni ipi, kisha akauliza, "Na za kwetu ziko wapi?" Swali kama hilo haliulizwi na mtoto asiyejua kwao ni wapi. Yule aliyelelewa nyumba isiyosomwa Qur'ani, isiyofuturisha jirani, ambayo Idi yake ni nguo mpya tu, huyo ndiye atakayeduwaa mbele ya taa za Oxford Street akadhani kuwa furaha yote iko kwa wenziwe.

Lakini na taa za Ramadhani nazo tuziulize swali lile lile tulilowauliza wengine: zawaita watu wapi? Zimetundikwa katika mtaa wa mikahawa na maduka. Zikimkumbusha jirani asiyekuwa Mwislamu kwamba kuna watu wamefunga, ni kheri. Zikiwa mlango wa kuigeuza Ramadhani kuwa msimu wa kuuza, basi tutakuwa tumeiga kwa wenzetu lile lile wanalolilalamikia wenyewe. Israfu ni israfu, hata ikiandikwa kwa herufi nzuri.

Basi mtoto aambiwe nini?

Ewe mzazi, ukiletewa karatasi ile ya safari, keti na mwanao kwanza. Mwambie nani aliyeziwasha taa hizo na kwa sababu gani, maana sasa wajua. Mweleze kwamba kutazama si kuabudu, na kwamba kumheshimu jirani si kuiacha dini. Ukiwa na shaka, muulize mwanachuoni unayemwamini, usimuulize jirani mwenye maneno mengi. Na ukiona bora asiende, mwambie sababu kwa upole, umtafutie safari nyengine badala yake. Kumbuka hikima ya yule seremala wa Leicester: hakuwakataza watu njia moja ila aliwafungulia nyengine.

Ukiona aende, au mwende pamoja, tazameni mambo mawili. La kwanza ni swala. Katika siku fupi za Disemba, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote tatu huingia baina ya saa sita mchana na saa kumi, na ratiba ya basi haina khabari nazo. Mwenye safari ndefu ana ruhusa yake ya kukusanya na kupunguza kama walivyoeleza wanavyuoni, na msikiti mkuu wa London ulioko Regent's Park, uliofunguliwa mwaka 1977, hauko mbali na mitaa hiyo ya taa. Mtoto atakayemwona baba yake ameliacha kundi akaenda kusali, kisha akarudi, atakuwa amepata somo kubwa kuliko taa zote alizoziona. La pili ni mfuko. Wekeni kiasi kabla ya kutoka nyumbani, na katika kiasi hicho toeni fungu la masikini, maana chini ya taa zile zile hulala watu wasio na makazi, na kiongozi mwenye kipaza sauti hamwonyeshi mtu hao.

Na sisi tuliobaki huku pwani tusijione tumesalimika. Ukumbi wa arusi siku hizi huwaka taa usiku kucha, na mwenye arusi yu katika deni. Nyumba hupambwa kwa Idi, na nyumba ya pili mtoto yatima hana kanzu. Hizo nazo ni taa, na zina mwenyewe aliyeziwasha na haja aliyoziwashia. Kabla ya kuhesabu balbu za London, kila mmoja wetu na ahesabu za kwake, kisha atazame kama mwanga wake unamfikia jirani.

Mwenyezi Mungu atujaalie nuru katika nyumba zetu na katika nyoyo za watoto wetu, walio karibu na walio mbali. Amin.